Tuacheni Tubishane Juu ya Jumong

Wapendwa, kuna maneno yanazunguka tangu mwezi uliopita, na tumeona bora tuyajibu kwa maandishi, maana mkutanoni muda uliisha kabla vijana hawajafikiwa. Eti seri za Wakorea na magemu ya simu vinaharibu vijana. Eti baraza zetu za jioni, pale watu kumi wanapobanana kwenye simu moja, zifungwe, na saa zile zitumike kwa "mambo ya maana". Tumesikia. Wazee wetu tunawaheshimu kabisa, wengine ndio waliotubeba mgongoni wakati wa kukimbia. Lakini jambo hili limetazamwa kutoka mlangoni tu. Aliyeingia, akakaa, akasikiliza tunabishana nini, bado hatujamwona.

Tuseme kwanza sisi ni nani, juu wengi wanaosoma hapa wako mbali. Kikundi chetu ni mchanganyiko. Kuna Wakongomani wa kambi ya Kinama, kule Gasorwe, na kati yao kuna waliozaliwa humo humo na Kivu wanaijua kwa kusimuliwa. Kuna waliovuka mwaka 2025, baada ya Bukavu kuanguka. Na kuna Warundi wa Buhinyuza waliorudi kutoka Tanzania, watoto wa Nduta, wa Nyarugusu, wa Mtendeli kabla haijafungwa mwaka 2021. Kwa hiyo kwenye baraza moja yuko mkimbizi na yuko aliyekuwa mkimbizi. Siku nyingine tunaonana sokoni, siku nyingine ni WhatsApp, kwa mwenye mega. Kiswahili ndicho kinatushika pamoja, ingawa tunachekana sana. Mkongomani anasema "sine", aliyekulia Kibondo anasema "kibanda umiza", na wote wanazungumzia kile kichumba kimoja chenye joto, benchi za mbao na skrini moja mbele.

Filamu zinatufikia vipi? Mpaka wa Kobero uko huku huku Muyinga, na kadi ya memori haiulizwi pasi. Inakuja mfukoni pamoja na chaja na sabuni, imejaa seri zilizotafsiriwa Dar es Salaam. Asiyezijua tafsiri hizi asidhani ni tafsiri kama ya kitabu. Ni mtu mmoja anaongea juu ya sauti zote, mwanaume, mwanamke, mfalme, farasi. Anaeleza, anatania, anampa adui jina la kuchekesha, anamkaripia shujaa akichelewa kufyatua mshale. Lufufu wa Tanzania alikuwa kati ya wa kwanza kuifanya kazi hiyo, na mpaka leo wapo watu wazima wanaoiga sauti yake. Wachina nao waliona mlango huo. Mwaka 2011 televisheni ya TBC ilionyesha kwa Kiswahili seri ya Mao Doudou, mkaza mwana anayehangaika na mama wakwe zake, na ikapendwa hadi Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Kama rais wa China anaona seri ni jambo la kutajwa mbele ya watu wakubwa, na sisi tuvumiliwe kidogo.

Sasa Jumong. Hii ndiyo inayolalamikiwa zaidi, juu ni ndefu: sehemu 81, zilizoonyeshwa Korea Kusini na televisheni ya MBC mwaka 2006 na 2007. Watu wengi wanaikumbuka kwa upinde na farasi. Sisi tunaikumbuka kwa wakimbizi wake. Asiyeiona atashangaa, lakini ndivyo inavyoanza. Nchi ya Gojoseon imeangushwa na majeshi ya Han kutoka China, na raia wake wametawanyika. Wanafungwa kamba, wanafanywa watumwa, wanatembea na vitu vyao mgongoni bila kujua nani atawapokea. Jenerali Haemosu anaongoza Jeshi la Damul, na kazi yake ni kuwaokoa hao watu. Anakamatwa, anapofushwa macho, anafungwa pangoni miaka ishirini. Mtoto wake, Jumong, analelewa kwenye jumba la mfalme wa Buyeo bila kujua baba yake halisi. Wanakutana pangoni, kipofu anamfundisha kijana kupigana, na hakuna kati yao anayejua kuwa ni baba na mtoto. Hapo hata wale wagumu wa kikundi chetu wanageuza uso kama wanatafuta chaja.

Baadaye Jumong anajua, anawakusanya waliotawanyika, na anawajengea nchi. Kwa mapokeo ya Wakorea nchi hiyo, Goguryeo, ilianzishwa mwaka 37 kabla ya Kristo.

Neno lenyewe, Damul, maana yake ni kuirudisha ardhi iliyopotea. Na hapo ndipo ubishi wetu ulipoanza. Vijana wa Kivu, hasa wale wa 2025 ambao bado wanaota nyumba zao, wanaipenda Damul bila maswali. Turudi, tuchukue chetu, kwisha. Waliorudi wa Buhinyuza walikuwa kimya. Jioni ya pili mmoja wao akaongea. Alisema alirudi kutoka Nduta na wazazi wake, wakakuta itongo la babu linalimwa na mtu mwingine, miaka na miaka. Si tajiri, si askari. Ni mtu ambaye naye hana pengine pa kwenda, na watoto wake wadogo walitoka nje kuwaangalia. Akatuuliza, "Jumong angefanya nini hapo? Ampige mshale?"

Hakuna aliyejibu. Tulizima simu mapema siku hiyo.

Jioni iliyofuata dada mmoja akamleta Soseono. Huyu ni binti wa wafanyabiashara, na bila mali yake na watu wake Jumong asingejenga kitu. Anakuwa mke wake na malkia. Lakini Jumong alikuwa na mke wa kwanza, Yesoya, na mtoto, Yuri, ambao watu waliamini wamekufa. Miaka mingi baadaye wanaonekana wakiwa hai. Soseono anaona vita ya urithi inakuja kati ya watoto. Anawachukua watoto wake wawili, Biryu na Onjo, na watu wake, anaondoka kwenda kusini kuanza upya. Mapokeo yanasema Onjo ndiye aliyeanzisha Baekje mwaka 18 kabla ya Kristo, kwa hiyo safari ya mama yake haikuwa ya bure.

Ubishi huo ulikula jioni tatu. Wanaume wengi walisema Soseono kaonewa: mtu hajengi nyumba akamwachia mwingine. Wadada walisema hapana, kachagua. Ameona kwamba kugombania kiti kutaua watoto, na kujenga anajua, atajenga pengine. Mmoja wa waliorudi akasema baba yake alifanya hivyo hivyo: aligawana itongo, akachukua upande wa chini, wa mabonde, na watu wanamcheka mpaka leo. "Sasa nyinyi mnamwita Soseono malkia, baba yangu mnamwita mjinga?" Tunakiri swali lile lilituchoma. Na kuhusu Yesoya, tutasema kidogo tu. Kambini hilo si jambo la kwenye seri. Mwanamke anadhani mume alikufa njiani, miaka inapita, anaolewa, halafu simu inalia kutoka Kalemie au Uvira. Nyumba hizo tunazijua. Hatuzitaji, lakini tulizizungumza, kwa jina la Yesoya, kwa heshima, bila kumwaibisha mtu.

Hii ndiyo hoja yetu, na tungependa iwafikie wale wanaotaka baraza zifungwe. Sisi tunaulizwa maswali mengi kuliko vijana wengine. Unatoka wapi, ulikimbia nini, unataka kurudi, unataka kubaki. Mbele yetu kuna meza, karatasi na mtu anayeandika. Jibu tunalolitoa pale ni jibu la karatasi, juu tunajua linakwenda kukaa kwenye faili na siku moja linaweza kufunguliwa. Hata kwenye mikutano ya wazee tunajibu kwa kuangalia nani ameketi wapi. Lakini uliza tu kama Soseono alifanya vizuri, utasikia kijana wa Kivu na kijana wa Buhinyuza wanaambiana ukweli kuhusu ardhi, bila mwezeshaji, bila soda, bila kusaini karatasi ya mahudhurio. Mambo gani ya maana kuliko hayo yatawekwa kwenye saa zile?

Squid Game ya mwaka 2021 nayo imelaumiwa, kwamba ni damu tupu. Ni kweli kuna damu nyingi, na wadogo wasiionyeshwe, hapo tunakubaliana. Ila sisi tuliongea zaidi juu ya yule msichana Sae-byeok, aliyetoroka Korea Kaskazini. Mdogo wake yuko kituo cha yatima, mama yake amebaki ng'ambo, na pesa alizotoa za kumvusha mama zimeliwa na mtu wa kati. Baada ya sehemu ile watu walitaja bei. Bei za kuvushwa, bei za ahadi, nani alilipa na hakufika. Kuna kijana kwenye kikundi alikuwa karibu kulipa mtu wa namna hiyo. Alisikiliza tu, halafu akaomba arudishiwe pesa aliyokuwa amekusanyiwa na ndugu, akaziweka.

Upande wa magemu tunaona wazee wana hoja nzito zaidi. Mama mmoja alisema, "Sisi tulikimbia masasi, leo mutoto anatafuta masasi mu simu." Hilo halijibiwi kwa kicheko. Free Fire, inayotolewa na Garena ya Singapore tangu 2017, ndiyo inayochezwa hapa kwa sababu inakubali simu dhaifu. Watu 50 wanaangushwa kisiwani bila kitu mkononi, na eneo salama linazidi kupungua, atakayebaki nje anakufa. Mtoto wa Kivu anaielewa sheria hiyo bila kuelezwa. Kwetu kuna wawili hawaigusi kabisa, sauti ya bunduki inawarudisha mahali wasipotaka, na tumekubaliana wakiwepo sauti inazimwa au tunacheza eFootball ya Wajapani. Wengine wanasema kinyume: kwamba ni mahali pa kwanza walipoona bunduki na wao ndio wanaoamua, na ukifa unaanza tena. Hatuwezi kusema nani yuko sahihi. Tunachokataa ni pesa. Kununua almasi za Free Fire kwa franka za chakula cha nyumbani, hapana. Anayefanya hivyo asijifiche nyuma ya barua hii.

Lakini msituambie kwamba gemu haina la kumpa mkimbizi. Lual Mayen alizaliwa wakati familia yake inakimbia vita vya Sudan, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, zikafika dola 300, akamnunulia kompyuta. Fikiria majirani walisema nini. Kambini, dola 300, kompyuta! Kijana akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu inayoitwa Salaam, ambamo unayemwongoza ni mtu anayekimbia vita, na mwaka 2018 akapewa heshima kwenye tuzo kubwa za magemu, Game Awards, huko Los Angeles. Hatusemi kila anayecheza hapa atakuwa Lual. Tunamtaja kwa ajili ya mama yake.

Sehemu hii ya mwisho imeandikwa na wadada wa kikundi, na wakaka wamekubali ibaki kama ilivyo. Sine ni ya wanaume. Hakuna aliyeandika hivyo ukutani, lakini inafunguliwa giza likiingia, wakati msichana anapika, na akionekana anatoka pale saa tatu usiku, kesho jina lake liko kisimani. Ndiyo maana sisi seri tunaziona kwa vipande, sehemu ya 12 halafu ya 19, tukisimuliwa katikati na kaka ambaye anaruka kila mahali ambapo mwanamke anaongea. Ukifunga baraza za simu, wavulana watabaki na sine. Sisi tutabaki na nini? Kama wazee wanataka kutusaidia, watupe saa kumi ya mchana mpaka saa kumi na mbili, mara mbili kwa wiki, mahali panapoonekana na watu wote. Betri ya solari tunayo. Spika tutaazima kwa wanakwaya.

Wiki ijayo tunaanza Jumong tena kutoka sehemu ya kwanza, juu waliokuja 2025 wengi wao hawajaiona yote. Papa, mama, yeyote anayetaka kuja, kiti kipo, na hatutaanza kabla hajaketi. Tungependa kusikia kutoka kwake pia kama Soseono alifanya vizuri.