Lugha ya Kithai, Sahani ya Wali na Mkono wa Dola

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu huniuliza kwa nini mtu anayefundisha siasa atumie jioni zake kujifunza Kithai, lugha ambayo hapa kwetu haina mtihani, haina ajira wala haina idara. Swali ni la haki. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata nguo Bangkok wana sababu yao, na wachimbaji wa vito wa Tunduru, ambao tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakivutana bei na wanunuzi kutoka Thailand, wana sababu yao pia. Yangu ni nyingine. Nadai kwamba Kithai, kikisomwa pamoja na chakula na mazoea ya kila siku ya wenyewe, ni somo la siasa lililo bora kuliko vitabu kadhaa ninavyowalazimisha wanafunzi hao hao kuvisoma. Kikisomwa bila ya hayo, kwa orodha za misamiati na maneno ya hotelini, hubaki kuwa lugha ya mteja.

Tuanze na wali, kwa kuwa Wathai wenyewe huanza nao. Sisi tuna mpunga shambani, mchele gunia na wali sahani. Kithai kina neno moja, "khao", linalosafiri kutoka shambani hadi mezani na kuongezewa sifa tu njiani. Kula chakula chochote ni "kin khao", kula wali, hata kama bakuli lina tambi. Na vyote vinavyoliwa na wali huitwa "kap khao", maana yake "pamoja na wali". Vitabu vya Kiingereza huhangaika kulieleza neno hili. Mwanafunzi aliyelelewa Kyela au Tanga halihitaji maelezo, kwani ndicho kitoweo, ndiyo mboga. Halafu kuna mbuzi. Kile kigoda chenye ulimi wa chuma tunachokikalia kukunia nazi sisi twakiita mbuzi. Wathai wanacho vile vile, na wao hukiita "kratai", yaani sungura. Sina nadharia yoyote juu ya jambo hili. Nalifurahia tu.

Toni ndiyo kizingiti cha kwanza. Kithai kina toni tano, na "khao" likitamkwa kwa toni ya kushuka ni wali, kwa toni ya kupanda ni weupe, kwa toni ya chini ni habari. Kiswahili hakitusaidii hapa, ingawa Mhaya anayeijua vyema lugha ya mama yake huenda akawatangulia wenzake wa Pwani. Majirani wakikutana huulizana "kin khao rue yang", umeshakula wali? Anayeuliza hana haja na hali ya tumbo lako, kama vile anayesema "habari za nyumbani" asivyotaka taarifa kamili. Salamu ambayo wageni wengi huijua, "sawatdi", ni ya juzi. Iliundwa kutokana na Kisanskriti na Phraya Upakit Silapasan, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, na serikali ikaifanya kuwa salamu rasmi mwaka 1943. Mgeni hudhani ameanza na neno la kale la Wathai, kumbe ameanza na agizo la serikali.

Jambo lililonishika zaidi ni kitenzi cha kula. Mtu wa kawaida akila na wenzake, "kin". Mbele ya mkubwa au katika hotuba, "rapprathan". Mtawa wa Kibuddha hali kwa vitenzi hivyo, yeye "chan". Mfalme hula kwa kitenzi chake, "sawoei", kilicho sehemu ya msamiati wa kifalme ambao umechotwa kwa wingi kutoka Kikhmer na Kisanskriti na hufundishwa shuleni. Tendo ni lile lile: kijiko chapeleka wali kinywani. Sarufi yakutaka kwanza umtambue aliyeshika kijiko ni nani. Viwakilishi nafsi ni hivyo hivyo. Mtu aliyekuzidi umri ni "phi", kaka au dada mkubwa. Mdogo wako ni "nong". Mama muuza chakula mwenye mvi ni "pa", dada mkubwa wa baba au mama. Msichana akizungumza na wakubwa hujiita "nu", panya. Mimi, kwa sababu ya kazi yangu tu, niliitwa "achan", mwalimu, hata na watu wasionijua jina. Ndiyo maana Mthai hukuuliza umri wako mapema. Mzungu hukasirika, lakini mwenzake anatafuta kiwakilishi tu.

Sisi tunaoamkia shikamoo hatuna budi kukiri kwamba ngazi hii haitushangazi. Tofauti ni kwamba yetu hukaa zaidi mlangoni, kwenye maamkizi, na mtu akishapita mlango huo kitenzi ni kimoja kwa wote. Ya Wathai huingia hadi ndani ya sentensi, na huko juu kabisa hulindwa na kifungu cha 112 cha sheria ya jinai, kinachotoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa la kumkashifu mfalme. Vijana walioandamana mwaka 2020 walipotaka ufalme uzungumzwe hadharani, walikuwa wakidai pia lugha ya kuuzungumzia.

Watumishi wa umma wanaosoma safu hii watakitambua kitenzi hicho kwa sura nyingine. Kabla ya mageuzi ya miaka ya 1890 yaliyosimamiwa na Mwanamfalme Damrong, magavana wa mikoa ya Siam hawakuwa na mshahara wa kueleweka. Walijikatia fungu katika mapato ya eneo. Mfumo huo uliitwa "kin mueang", kula mji. Na mla rushwa wa leo, kwa Kithai, hula rushwa, kwa kitenzi kile kile cha kula wali. Hakuna aliyetuazima neno hili wala sisi hatukuliazima kwa mtu. Natamani somo la maadili ya utumishi lianzie hapa badala ya kuanzia kwenye slaidi za wafadhili.

Sasa tufike kwa dola yenyewe. Kati ya 1939 na 1942 serikali ya Phibun Songkhram ilitoa maagizo 12 ya kiutamaduni. La kwanza, la Juni 1939, lilibadili jina la nchi kutoka Siam kuwa Thailand. Yaliyofuata, pamoja na kampeni zilizoambatana nayo, yaliingia hadi chumbani na jikoni: namna ya kuvaa, kofia kichwani, marufuku ya kutafuna tambuu. (Bibi zetu wa Pwani wangeanzisha vita.) Mwaka 1942 ilifuata tahajia mpya iliyopunguza herufi, na viwakilishi vikapunguzwa ili watu wote waitane kwa jozi moja tu ya "mimi" na "wewe". Phibun alipoanguka mwaka 1944 mageuzi hayo ya tahajia na viwakilishi yalifutwa, na ngazi ikarudi. Tambi zilibaki. Serikali yake ilikuwa imehimiza watu kula tambi za mchele zilizokaangwa kwa mtindo wa Kichina zikapewa ladha na jina la taifa, na chakula hicho, "phat thai", leo hudhaniwa na watalii kuwa cha tangu enzi na enzi. Amri juu ya viwakilishi haikudumu hata miaka mitatu, na sahani bado ipo. Anayetaka kuelewa jinsi taifa linavyotengenezwa asipite hapo haraka.

Aliyenifundisha upande wa pili wa habari hii ni mama mmoja aliyekuwa na kinu cha udongo na mchi wa mti kando ya barabara Bangkok, nilipokaa huko miezi michache kwa ajili ya utafiti. Alitwanga "som tam": papai bichi lililokatwa nyuzi nyuzi, pilipili, vitunguu saumu, ndimu, maji ya samaki. Kwa wateja alisema Kithai safi cha redioni. Kwa mumewe, aliyekuwa akichoma kuku nyuma yake, alisema Kilao. Alitoka Isan, ukanda wa kaskazini mashariki wenye takribani theluthi moja ya Wathai wote, ambao lugha yao ya nyumbani ni ndugu mmoja na ile ya Vientiane. Nilimwuliza, "Pa, nyumbani kwenu chakula hiki mnakiitaje?" Akatazama kwanza kama kuna mteja karibu. "Tam mak hung, achan," akasema, kisha akacheka kwa sauti ndogo.

Kucheka huko kuna historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 watawala wa Bangkok waliacha kuwaandika watu hawa kuwa Walao. Wakawa Wathai kwa kalamu. Shule ikafundisha kwa Kithai cha kati, na lugha ya nyumbani ikawa ya kuchekwa kwenye vichekesho, ya mfanyakazi wa ndani na dereva wa teksi. Hata "pla ra", samaki waliovundikwa kwa chumvi na pumba, ambao Isan huwatia kwenye kinu hicho, walitajwa mjini kwa kufinya pua. Siku hizi tajiri wa Bangkok hula som tam yenye pla ra kwenye mgahawa wenye kiyoyozi na kusema "saep", neno la Isan la utamu, badala ya "aroi" alilofundishwa shuleni. Chakula kimepandishwa cheo, lakini lugha bado imekaa jikoni. Wapo wanaoniambia kwamba hilo ni dalili njema, kwamba sahani hutangulia na heshima hufuata. Mimi nangoja kuona shule ya msingi itakayofundisha kwa Kilao.

Kusini, kwa Wamalayu Waislamu wa Pattani, jambo hilo halikuishia kwenye kejeli. Haji Sulong, mwanachuoni, alipeleka madai saba serikalini mwaka 1947, mojawapo likiwa Kimalayu kifundishwe shuleni na kitumike ofisini pamoja na Kithai. Alikamatwa mwaka uliofuata, akafungwa, na mwaka 1954, baada ya kuitwa na polisi, hakuonekana tena.

Anayedhani kwamba lugha, chakula na dola ni mada tatu tofauti na atazame tarehe 9 Septemba 2008. Siku hiyo Mahakama ya Katiba ya Thailand ilimwondoa madarakani Waziri Mkuu Samak Sundaravej kwa sababu alipika kwenye televisheni. Katiba ilimkataza waziri mkuu kuwa mwajiriwa wa kampuni binafsi; yeye alikuwa akilipwa kwa kuendesha kipindi cha mapishi, na alijitetea kwamba hakuwa "luk chang", mwajiriwa, wa mtu. Mahakama haikuridhika na maana ya neno hilo katika sheria ya kazi. Ilifungua kamusi ya Taasisi ya Kifalme, ikasoma maana pana zaidi, na serikali ikaanguka kwa kidahizo kimoja. Kwa maoni yangu hukumu ile ilikuwa ya kisiasa, na kamusi iliitwa kuja kushuhudia jambo lililokwisha kuamuliwa. Lakini ilitumika kamusi ya Kithai, katika mahakama inayosema Kithai, mbele ya raia walioweza kulifuata kila neno na kulibishia masokoni.

Hapo ndipo husuda yangu ilipo, pamoja na yote niliyoyasema juu ya Isan na Pattani. Mwanamfalme Wan Waithayakon alipohitaji neno la "mapinduzi" aliunda "patiwat". La "utamaduni", "watthanatham". Udaktari, uhandisi na sheria husomwa kwa Kithai hadi chuo kikuu. Sisi tuliunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, tukaunda istilahi kwa maelfu, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Mhadhara wangu wa wiki ijayo juu ya maagizo ya Phibun nitautoa kwa Kiingereza, na wanafunzi watakaotaka kuniuliza kuhusu pla ra watanisubiri nje ya ukumbi, waniulize kwa Kiswahili.