Nani Alimbeba Mtoto Vibaya?

Juzi kwenye matatu ya kutoka tao, mwanamke mmoja alimtazama binti yetu, akaangalia ile mikanda iliyomshika mabega na miguu, kisha akamgeukia mama yake. “Pole mum. Kwani ulimbeba aje?”

Mimi nilikuwa nimekaa hapo kando na mfuko wa nepi mapajani. Hakuniuliza kitu. Hii ni wiki ya sita ya mikanda, na hakuna mtu hata mmoja ameniuliza mimi. Mama yake ndiye huulizwa. Jirani wa ploti alitaka kujua kama alivaa viatu virefu akiwa na mimba. Shangazi yangu alisema ni kulalia upande mmoja. Mwingine akaleta mafuta ya kuombea.

Basi niwaambie nyote mara moja nipumzike. Niliacha chuo mwaka wa pili na sina digrii ya kitu chochote, lakini hili nimelielewa. Kichwa cha mfupa wa paja ni duara kama mpira, na kinakaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Kwa watoto wengine kikombe hicho hakijachimbika vya kutosha, kwa hivyo mpira unalegea, au unatoka kabisa. Hatari huongezeka mtoto akiwa msichana, akiwa kifungua mimba, akiwa na mtu wa ukoo aliyewahi kuwa na shida hiyo, na hasa akikaa tumboni akiwa ametanguliza makalio. Binti yetu ana tatu kati ya hizo nne. Zote tatu ziko kwenye kitabu chake cha kliniki, zimeandikwa kwa kalamu tangu siku aliyozaliwa.

Wiki ya 6 tulimpeleka kudungwa sindano. Wiki ya 10 tukarudi. Alipimwa kilo, akadungwa, akalia, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyemfungua miguu.

Aliyegundua ni shosho yake. Alikuja kututembelea, akataka kumbeba mgongoni kwa leso. Alijaribu mara mbili, akamrudisha kitandani, akasema, “Huu mguu wa kushoto haufunguki.” Tulipofika kwa daktari wa mifupa, ultrasaundi ikasema vilevile.

Kinachonikasirisha ni kwamba kipimo cha kwanza ni mikono miwili tu. Marino Ortolani, daktari wa watoto wa Italia, alikieleza mwaka 1937. Unamlaza mtoto chali, unamkunja magoti, unafungua mapaja polepole, na vidole vinahisi kama mpira unarudi mahali pake. Hakihitaji stima. Uingereza kila mtoto hukaguliwa nyonga ndani ya saa 72 za kuzaliwa, kisha tena kati ya wiki ya 6 na ya 8. Aliyetanguliza makalio hupelekwa ultrasaundi hata kama mikono haikuhisi kitu.

Nilipouliza mbona sisi hatukukaguliwa, nilijibiwa kwamba huo ni ugonjwa wa wazungu. Aliyenijibu alikuwa amevaa koti jeupe.

Ni kweli kwetu ni nadra zaidi. Sababu moja inayotajwa ni kwamba tunabeba watoto mgongoni, magoti yamekunjwa, mapaja yamefunguka. Mikanda ya binti yetu, aliyoibuni Arnold Pavlík wa Chekoslovakia miaka ya 1940, inafanya karibu kazi ileile. Inamweka miguu kama ya chura, mpira ukae ndani, kikombe nacho kikue kwa kuuzunguka.

Lakini hebu tuseme ukweli, sisi wa mjini. Nani kati yetu bado anabeba mgongoni kutwa? Tunasukuma vigari. Usiku tunamviringisha mtoto kwenye shuka kama chapati ya smokie, miguu imenyooka, kwa sababu video ilisema atalala. Japani walikuwa na desturi ya kuwafunga watoto miguu ikiwa imenyooka. Mwaka 1975 ikaanzishwa kampeni ya kuwaambia wazazi waache, na visa vikapungua sana. Kwa hivyo huwezi kutegemea mgongo wa shosho kuwa kinga ya mtoto ambaye hajawahi kubebwa mgongoni.

Na aliyemfunga binti yetu hivyo ni mimi. Saa nane usiku, simu mkono mmoja, nikifuata video. Mama yake alikuwa amelala, mshono unamuuma.

Najua nesi mmoja ana foleni inayofika getini. Sitaki kumwongezea lawama, hizo tumeonja wenyewe. Nataka wanaompangia kazi wamwekee dakika mbili za nyonga kabla ya sindano. Nataka mtoto aliyetanguliza makalio aandikiwe ultrasaundi kabla hajatoka hospitali, bila kungoja shosho aje. Nyonga ya mtoto mchanga ikitoka haimuumi. Halii, kwa hivyo usipoitafuta unaweza kukaa hadi aanze kutembea akichechemea. Wakati huo mikanda haisaidii tena. Mara nyingi ni upasuaji, na plasta kutoka kifuani hadi miguuni kwa wiki kadhaa. Mikanda yetu ilikula malipo ya makala tatu. Sijui plasta tungeilipa na nini.

Wewe mwenye mtoto mchanga, ukienda kliniki usingoje. Sema, “Sista, naomba umwangalie nyonga.” Ukibadilisha nepi, linganisha mapaja. Mguu mmoja ukikataa kufunguka kama mwenzake, au ukionekana mfupi, rudi hospitali na usikubali kuambiwa atakua tu.

Na mkitukuta kwenye matatu, mwacheni mama yake apumzike. Mwenye mfuko wa nepi ndiye mimi. Niulizeni.