Wasioweza Kufika Kituoni



Mwaka 2021, korona ilipokuwa ingali inatutisha, koko wetu alikuwa katika mwaka wa tatu bila kuvuka kizingiti cha nyumba. Nyonga yake ilikuwa imevunjika, na nyumba yetu iko juu mlimani, Bukavu, mahali ambapo gari halifiki na njia huteleza kila mvua inyeshapo. Shangazi ndiye aliyemwogesha, akamlisha na kumgeuza kitandani. Asubuhi alishuka sokoni kuuza sombe, ili nyumba ipate kula.

Sisi wengine tulikaa sebuleni tukibishana juu ya chanjo. Mmoja alisema: akichanjwa kisha akafa, majirani watasema tumemwua. Mwingine akasema: ya nini kumsumbua mtu asiyetoka? Mimi nilinyamaza, kwa kuwa niliogopa pia. Hofu hiyo ilikuwa na mizizi. Aprili 2020, katika televisheni ya Ufaransa, daktari mmoja na mtafiti mmoja walizungumzia kufanya majaribio ya chanjo barani Afrika. Shirika la Afya Duniani liliyakemea maneno hayo, lakini yalikuwa yamekwisha kuenea katika simu zetu. Tena dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilizofika nchini tarehe 2 Machi 2021 ziliwekwa kando, maana Ulaya walikuwa wakichunguza habari za damu kuganda. Zilianza kutolewa tarehe 19 Aprili. Kwa kuwa muda wake wa kutumika ulikuwa ukikaribia kwisha, dozi milioni 1.3 zilipelekwa nchi nyingine. Mwananchi aliyeyaona hayo akauliza maswali hakuwa mjinga.

Lakini kuuliza si sawa na kumwamulia mwingine. Siku moja koko alituita, akasema: «Mnajadili habari ya mkono wangu kana kwamba nimekwisha kufa. Mbona hamniulizi mimi?» Tulipomwuliza, alikubali. Tukaenda kituo cha afya. Muuguzi akatueleza kwa upole kwamba kichupa kimoja kina dozi 10, na kikishafunguliwa hutumika ndani ya saa 6 tu. Hakuweza kukifungua kwa ajili ya mtu mmoja na kumwaga tisa. Akasema tumlete. Tungemletaje? Tukarudi, tukangoja. Koko alifariki kabla ya kuchanjwa. Hakupimwa, wala sidai kwamba ni korona iliyomwondoa. Ninasema tu kwamba alikubali, nasi hatukumfikishia alichokikubali.

Tangu hapo nashika mambo matatu.

Kwanza, asiyetoka nyumbani hayuko salama kwa sababu hatoki. Ugonjwa hauna miguu, huazima yetu. Anayemhudumia mgonjwa ndiye mlango wake wa nje, kwa hiyo naye afikiriwe mapema, na hofu yake isikilizwe bila dharau. Hata akiisha kuchanjwa, asiache kunawa mikono, kufungua dirisha na kuvaa barakoa akikohoa, kwa maana nguvu kuu ya chanjo ile ni kuzuia ugonjwa usiwe mkali. Haizibi kila njia ya kuambukiza.

Pili, mgonjwa aulizwe. Agosti 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliita kuchanjwa tendo la upendo. Na tangu Desemba 2020 ofisi ya Mafundisho ya Imani huko Vatikano ilikuwa imesema kwamba chanjo iwe ya hiari. Maneno hayo mawili yaende pamoja. Mkono unaoshikwa kwa nguvu haujui kwamba unapendwa. Na mzee anayenyimwa habari, eti kwa kumhurumia, amekwisha kutendewa kama mtoto.

Tatu, chanjo imfuate mgonjwa. Hili si ndoto. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, chanjo ilihifadhiwa katika baridi kali kuliko nyuzi 60 chini ya sifuri. Hata hivyo ilifika vijijini, na watu zaidi ya 300,000 wakachanjwa. Basi kilichomkosesha koko si umbali. Alikosa mtu wa kuhesabu. Laiti tungaliwatafuta majirani tisa wa mteremko ule ule, walio tayari siku moja, muuguzi angalipanda na kichupa chake, angalikifungua chumbani mwa koko, na angalibaki robo saa kuona kama amepatwa na shida.

Kazi hiyo haihitaji diploma. Yahitaji miguu, daftari na subira. Ninyi mnavyo. Katika kila shirika wako watu wanaopelekewa Komunyo nyumbani, nasi tunawajua kwa majina. Andikeni majina hayo, na jina la anayewahudumia kila mmoja. Waulizeni wanaogopa nini, kisha mwende na maswali yao kwa muuguzi, msiyajibu kwa kubahatisha. Fanyeni hivyo sasa, kabla ya tauni nyingine. Dharura ya korona ilitangazwa kuwa imekwisha tarehe 5 Mei 2023, na mwaka uliofuata tu tulikuwa tukihangaika na mpox.

Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alikuwa na watu wanne, nao wakabomoa dari ili afike. Koko wetu alikuwa na wajukuu kumi na mmoja.