Bi harusi, spika zizimwe saa nne

Msimu huu nimeulizwa mengi kuhusu singo, hina na rangi ya nguo ya kutokea. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza muziki uzimwe saa ngapi. Hata mimi sikuuliza zamu yangu ilipofika, na ndiyo sababu leo naandika.

Mimi ni mtoto wa Unguja niliyeolewa bara, tena bara ya mbali: Mamba, mkoa wa Katavi, kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Nikaha ilifungwa kwetu. Wiki moja baadaye wakwe zangu wakafanya shughuli yao ya kunipokea. Lilifungwa turubai, likaletwa jenereta na spika mbili zenye kimo cha mtu. Rusha roho ilipigwa mpaka wanaume walipoondoka kwenda kuswali Alfajiri. Nilitunzwa, nikacheza, nikajiona malkia.

Asubuhi yake mama mmoja wa nyumba ya pili alikuja na kuku wa hongera. Alinishika mikono, akaniombea kizazi, akaondoka. Yule kuku tulimla siku ile ile.

Miezi ilipita ndipo wifi yangu akaniambia, tukiwa tunapepeta mpunga. Usiku ule bintiye yule mama alikuwa na siku nne tu tangu azalishwe kwa upasuaji. Kichanga kilikuwa kikishtuka kila ngoma ikipiga, na kila kikilia, yeye anainuka na kidonda kinamvuta. Hakulala mpaka kulipokucha. Nikamuuliza wifi, mbona hawakuja kutwambia? Akanijibu, "Wifi, nani aende kuzima harusi ya mtu?"

Jibu hilo limenikaa rohoni. Sisi tunasema jirani hakulalamika, kwa hivyo ameridhia. Lakini tumeshamfunga mdomo zamani. Anayelalamikia muziki wa harusi huitwa hasidi, ana kijicho, hataki mwenziwe afurahi. Basi hunyamaza, na asubuhi huleta kuku. Kimya chake ni adabu yake, na sisi tunakihesabu kuwa ni ruhusa.

Dini yetu haikumwachia jirani ajitetee peke yake. Katika Suratun Nisaa tumeamrishwa kumfanyia wema jirani wa karibu na jirani wa mbali. Tunaijua pia hadithi ya mwanamke aliyesifiwa kwa sala, funga na sadaka zake, lakini akiwaudhi majirani kwa ulimi wake, Mtume (S.A.W.) akasema huyo ni wa motoni. Na iko nyingine, katika Sahihi Muslim, ambayo naipenda mno. Mtume akiingia usiku alikuwa akitoa salamu kwa sauti ya kumfikia aliye macho bila ya kumwamsha aliyelala. Dada yangu, hiyo ni salamu, nayo ni ibada. Ikiwa salamu imepimiwa sauti, rusha roho ya saa nane za usiku tutaitetea kwa lipi?

Najua mtakayosema. La kwanza, nikaha hutangazwa. Kweli, kuitangaza ni sunna, na dufu limeruhusiwa. Lakini kutangaza maana yake watu wajue. Kufika saa nne mtaa mzima umeshajua. Baada ya hapo hatutangazi kitu, tunakesha tu.

La pili, mbona misikiti ina vipaza sauti? Adhana ni mwito, ni ya dakika chache na wakati wake unajulikana. Lakini kasida na mawaidha yanayorushwa nje mpaka usiku wa manane ni jambo jingine, na si vibaya tukalisema kwa adabu. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume akiwa katika itikafu alisikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti za juu, akawakataza wasiudhiane kwa kisomo. Ikiwa hivyo ndivyo kwa Qur'ani ndani ya msikiti, spika ya harusi haina pa kujificha.

La tatu, baa ya jirani nayo inapiga kelele. Basi tuwe sawa na baa?

Hata sheria ya nchi imeliona hili. Kwa Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zimeweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwenye makazi, na usiku unahesabiwa kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika kama 60. Huku visiwani mazingira si jambo la Muungano, na tunayo mamlaka yetu, ZEMA. Lakini usingizi ni ule ule Mamba na Mwanakwerekwe.

Na sehemu kama Mamba sauti huenda mbali. Ni tambarare, magari ni machache, na usiku hewa ya chini ikishapoa sauti husafiri zaidi kuliko mchana. Majirani wengi ni wakulima wa mpunga na mahindi, na alfajiri jembe liko begani. Tukiwaibia usingizi, tumewaibia na nguvu za shamba.

Basi bi harusi, neno liwe lako, wala usimwachie kaka wa spika. Kabla hujalipa kianzio, mwambie muziki mwisho saa nne, na mkubaliane mbele ya mtu mzima. Shughuli ianze baada ya Alasiri badala ya kungojana mpaka Isha ipite. Spika ziwekwe chini zielekee uani, zisielekezwe kwenye madirisha ya watu. Siku mbili kabla, mtume shangazi au somo wako apite nyumba za karibu na kuuliza: kuna mgonjwa, kuna mzazi, kuna mtoto wa mtihani? Akikuta yupo, punguzeni zaidi. Na ateuliwe mjomba mmoja wa kuzima, maana bi harusi aliyekaa kwenye kiti hawezi kuinuka kugombana na wapiga muziki.

Utaogopa kuwa watu watasema harusi ilipoa. Watasema. Wanasema hata pilau ikiwa tamu. Lakini wewe unaanza nyumba, na dua ya kwanza unayoihitaji ni ya watu watakaokuwa wakisikia kilio cha mwanao usiku, na watakaokuja mbio siku ukipatwa na uchungu wa kuzaa.

Mimi ilinibidi niende. Nilikuwa nikiomba istighfari kila sala, lakini tumefundishwa kuwa haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe akusamehe. Nikabeba kanga pea moja na sukari kilo mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikamwambia nimekuja kuwaomba radhi, yeye na bintiye, kwa usiku wa shughuli yangu. Alinyamaza kidogo, akamwita binti, akaja na mtoto mgongoni, sasa anakaribia kutambaa. Binti akacheka, akasema, "Dada, nilijua unapendwa. Ila siku ile nilitamani wakupende taratibu."

Akanisamehe. Mtoto akanivuta ushungi.

Siku hizi mzazi yeyote akirudi na kichanga mtaani kwetu, redio yangu huishia chumbani, na nikitwanga natwanga kabla ya Magharibi. Haurudishi usiku ule, lakini ndicho nilichonacho.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu, awape majirani wema, na atujaalie sisi tuwe majirani wema. Amin.