Kufeli Somo Chuoni Si Uchawi, Wala Si Aibu ya Kufichwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, kila mwaka vijana wetu huteremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kwenda kutafuta elimu ya juu. Hutoka Laela, Mpui, Matai na Namanyere. Wengine hupanda kwanza kutoka Kirando, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ndipo washike njia ya Tunduma kuelekea Mbeya, Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam. Nyuma yao hubaki wazazi waliouza mahindi na maharage, na pengine maksai wa kulimia, ili ada ipatikane. Hubaki pia sisi, jamaa wa misikitini, tulio wachache katika mkoa huu, ambao humhesabu kila kijana aendaye chuoni kuwa ni hazina yetu sote.

Leo twataka kusema juu ya kijana arudiye kabla ya wakati wake.

Tulikaa na mmoja wao usiku mmoja baada ya sala ya Isha. Katika mwaka wake wa kwanza alifeli somo moja la lazima, somo la takwimu. Hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani akasema chuo kimefunga. Wiki zilipozidi, nyumba ikaanza kunong'ona: mtoto aliyekuwa akiongoza katika shule yake ya kata amefungwa akili na jirani mwenye kijicho. Akapelekwa kwa mganga, huko chini katika bonde la Ziwa Rukwa. Mganga akataka mbuzi mweusi na fedha taslimu. Fedha zile zingetosha nauli ya kurudi chuoni na masurufu ya kumweka huko hadi amalize mtihani wa marudio. Naye alipokuwa akifukizwa na kuchanjwa chale, tarehe ya mtihani huo ikapita.

Tulimwuliza kwa nini hakutujia mapema. Aliinamisha kichwa, kisha akatukumbusha kwamba siku ya kuondoka kwake tulimsimamisha mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, msikiti mzima ukatoa takbira. Angewezaje kurudi mbele ya watu wale wale na neno la kufeli?

Jawabu lile limetunyima usingizi. Kosa la kwenda kwa mganga ni la familia ile. Lakini kosa la kumfanya kijana auogope msikiti ni letu.

Tuanze na la kwanza. Wazee husimulia kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, latokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kuutupa uchawi. Ni ajabu iliyoje kuishi katika mji wenye jina kama hilo, kisha kila msiba tukautafutia mchawi! Mtume (S.A.W.) alionya, katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, kwamba mwenye kumwendea mtabiri na kumwuliza jambo hazikubaliwi sala zake za siku arubaini. Basi mzazi anayemtoa mwanawe chuoni na kumpeleka kwa mpiga ramli hupoteza vitatu kwa mara moja: mali, wakati na ibada.

Kijana yule hakufungwa akili na mtu. Somo la takwimu hujengwa juu ya hesabu za sekondari, na katika shule aliyosoma hesabu zilikaa muda mrefu bila mwalimu. Watoto wetu walio wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza. Aliyezoea kukariri maneno asiyoyafahamu huvuka mitihani kadhaa kwa kukariri. Siku moja hukutana na somo lisilokubali kukaririwa, likamshika. Hiyo ni sababu ionekanayo kwa macho, na dawa yake pia huonekana kwa macho.

Wala tusikimbilie kusema kwamba Mungu hakumwandikia elimu. Kuamini kadari ni nguzo ya imani yetu, lakini Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba muumini afanye bidii katika limfaalo, amtake Allah msaada, asijione kuwa hawezi, na akifikwa na jambo asikae akihesabu "lau ningalifanya hivi". Kadari ni faraja kwa lililokwisha kupita; haikuwekwa iwe kisingizio cha kuacha lililo mbele yetu. Neno hili huwadhuru mabinti zaidi. Mvulana akifeli huambiwa ajaribu tena; binti akifeli huambiwa elimu si fungu lake, akaozwa kabla hata ya matokeo ya marudio kutoka.

Sasa, kufeli somo la lazima chuoni ni nini hasa? Wazazi wengi hudhani ni kufukuzwa. Sivyo. Kila chuo kina kitabu cha kanuni zake, lakini katika vyuo vyetu vingi njia ni hii: aliyefeli hupewa kwanza mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita sapu. Akishindwa tena, mara nyingi huruhusiwa kulibeba somo lile na kulisoma upya mwaka unaofuata. Anayeondolewa kabisa, yaani aliyedisko kwa lugha yao, ni yule ambaye wastani wake wa masomo yote umeshuka chini ya kiwango kilichowekwa, au aliyemaliza nafasi zote bila kufaulu. Na aliyeugua au kufiwa siku za mitihani aweza kuomba kuahirisha, maadamu aombe mapema na alete ushahidi. Milango hiyo yote ina tarehe zake, na tarehe haimngoji aliyejificha.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mwanafunzi ni kusema. Amwendee mwalimu wa somo, aombe kuonyeshwa alipokosea, asome kanuni, aende kwa mlezi wa wanafunzi, aketi na wenzake waliofaulu somo lile, japo wawe wadogo kwake. Katika zama za Mtume (S.A.W.) mtu mmoja aliyekuwa na jeraha kichwani aliamrishwa na wenzake wasio na elimu aoge janaba, akafa. Mtume aliwalaumu kwa kutouliza, akabainisha kwamba kuuliza ndiko kunakoponya ujinga. Ikiwa kutouliza kuliua mwili, basi leo kunaua mustakbali wa vijana wetu.

Na asidhani kwamba wanavyuoni wakubwa hawakujikwaa. Wanahistoria wanasimulia habari za Sibawayhi, kijana Mwajemi wa Basra katika karne ya pili Hijria. Alipokuwa akisoma hadithi kwa sheikh Hammad bin Salama alikosea irabu ya neno moja, akasahihishwa mbele ya wenzake. Aliona haya, lakini haya ile haikumtoa katika darasa. Ilimpeleka kuitafuta elimu ya nahau aliyoipungukiwa, hata akawa imamu wake, na kitabu chake kingali msingi wa sarufi ya Kiarabu.

Sisi wa Ufipa tunao mfano wa karibu zaidi. Nchi hii ilikuwa mashuhuri kwa wahunzi wake kabla ya majembe ya viwandani kuingia. Tukiacha kando mizungu waliyoichanganya na kazi yao, ustadi wao una funzo. Udongo wa chuma uliyeyushwa katika tanuru refu liitwalo ilungu, lakini kilichotoka humo hakikufaa kuwa jembe. Kilikuwa kingali na takataka ndani yake. Kilitiwa katika tanuru la pili, dogo, kintengwe, kikavukutwa upya, ndipo kikafuliwa. Hapana mhunzi aliyetupa chuma kwa sababu kilihitaji moto wa pili.

Tugeukie kosa letu. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, wapiga mishale waliacha mahali walipowekwa, na kwa sababu hiyo waliuawa masahaba wapatao 70. Kosa gani kubwa kuliko hilo? Lakini katika Sura Aali Imran, aya ya 159, Mwenyezi Mungu alimwamuru Mtume wake awasamehe, awaombee maghufira na aendelee kushauriana nao. Akambainishia kwamba lau angekuwa mkali na mwenye moyo mgumu wangetawanyika wakamwacha. Ikiwa Mtume (S.A.W.) aliambiwa hivyo kwa waliokosa vitani, sisi ni nani hata tumkunjie uso aliyekosa alama katika karatasi? Vijana wetu wanatawanyika, nasi twashangaa safu za nyuma kuwa tupu.

Tunashauri, basi, mambo manne. Mosi, kila msikiti uteue mtu mmoja, mwenye elimu na siri, wa kuwapigia simu wanafunzi wetu walioko vyuoni katika kila muhula, awaulize khabari zao hasa, si salamu tu. Pili, walimu walio katika jamaa zetu watenge saa moja baada ya Isha wakati wa likizo kwa ajili ya hesabu na Kiingereza; mji huu una chuo cha ualimu na una kituo cha Chuo Kikuu Huria, hivyo wajuzi hawakosekani. Tatu, sehemu ya sadaka iwekwe kwa ajili ya nauli na ada za wanaorudia masomo, na itolewe kwa siri. Nne, wazazi wamwambie mtoto siku anapoondoka kwamba akifaulu mlango u wazi, na akifeli mlango u wazi.

Kijana tuliyemtaja alirudi chuoni mwaka uliofuata kulisoma upya somo lake. Safari hii hatukumsimamisha mbele ya watu. Mwalimu mmoja wa hesabu katika jamaa yetu alimsindikiza stendi alfajiri, akampa namba yake ya simu na kumwambia apige kila Jumapili usiku. Hupiga.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie vijana wetu elimu yenye manufaa, awape subira waliofeli, na atupe sisi vifua vya kuwapokea. Amin.

Wabillahi tawfiq.