Barua ya Kufukuzwa Haitibu

MWANAFUNZI wa kidato cha pili aliyekuwa hodari darasani anaanza kujitenga na wenzake, halali usiku, na husikika akizungumza peke yake. Siku moja hupekuliwa, akakutwa na msokoto wa bangi. Barua ya kumfukuza huandikwa siku hiyo hiyo, na faili likafungwa.

Faili hilo hufungwa mapema mno. Huko Uswidi, vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970 walifuatiliwa kwa miaka 15. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba wale waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia mara sita kuliko wasiovuta. Hata mambo mengine yalipozingatiwa, tofauti ilipungua lakini haikutoweka. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Anayeanza akiwa na miaka 14 huuchezea ungali unajengwa.

Haina maana kwamba kila mvutaji huwa mwendawazimu. Walio wengi hawafiki huko, na kutangaza vinginevyo mbele ya wanafunzi ni kujidanganya, maana wao wanawafahamu wavutaji walio timamu. Tena wapo wanaoanza kuvuta kwa sababu tayari wamo katika dhiki: msiba, kipigo cha nyumbani, au sauti wasizothubutu kumweleza mtu. Msokoto uliokutwa mfukoni hauwezi kusema kipi kilitangulia. Mganga ndiye mwenye uwezo wa kulichunguza hilo, wala si kamati ya nidhamu.

Sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya ni kali, na anayeuza bangi nje ya lango la shule astahili ukali huo wote. Lakini kijana mgonjwa anayerudishwa kijijini huambiwa amerogwa, na pengine hufungwa kamba. Mtumiaji wa heroini ana methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011; mvuta bangi hana dawa ya namna hiyo. Tiba yake ni mazungumzo na kufuatiliwa kwa miezi mingi, na shule ndipo mahali anapoonekana kila siku.

Hapana budi, basi, maofisa elimu na waganga wakuu wa wilaya wakubaliane kwa maandishi kwamba mwanafunzi wa namna hii afikishwe hospitali kwanza, na barua yo yote ingoje taarifa ya mganga.