Mkopo wa Masomo Usihesabiwe Kama Mshahara

Mwanamke mmoja wa Tanga ninayesali naye hapa Leicester alipata nafasi ya kusomea ualimu chuo kikuu akiwa na miaka 34. Ana watoto wawili, anawalea peke yake, na kwa muda mrefu alikuwa akifanya usafi maofisini jioni huku dada yake akimwangalizia watoto. Tulifurahi kana kwamba ni sisi tuliopata nafasi hiyo. Masomo yalipoanza, posho yake ya Universal Credit ikashuka kwa mamia ya pauni, naye akaja kwangu na barua mkononi. "Dada, nimekosa nini?"

Hakuwa amekosa kitu. Kwa kuwa mimi huwasaidia jamaa zetu kujaza fomu, nilikwisha kuliona jambo hili kwa wengine, Wakongo na Wasomali wa Barawa miongoni mwao. Kanuni ndivyo ilivyo, na naandika kwa sababu naiona kuwa ni kanuni ya dhuluma.

Kwa msomaji aliye Dar es Salaam au Mombasa, Universal Credit ni posho ya kila mwezi ambayo serikali ya Uingereza huzipa kaya zenye kipato kidogo, wenye kazi na wasio na kazi. Ilianza kutolewa mwaka 2013, na ndani yake mna fedha za kujikimu, za watoto na za kodi ya nyumba. Mwanafunzi wa masomo ya kutwa kwa kawaida hapewi, lakini anayelea mtoto ni miongoni mwa walioruhusiwa. Kwa hiyo mlango umeachwa wazi kwa mama kama huyu, na hilo nalisifu. Taabu inaanza akishaingia.

Mwanafunzi wa England hukopeshwa mafungu mawili. La kwanza ni la ada, linakwenda moja kwa moja chuoni na haliigusi posho. La pili ni la kujikimu, lile ambalo vijana wetu wa Tanzania huliita bumu, na hulipwa kwa awamu tatu katika mwaka wa masomo. Hili la pili, ukitoa sehemu iitwayo ya msaada maalumu ambayo haihesabiwi, huchukuliwa kuwa ni kipato cha kaya. Hugawanywa kwa miezi ya masomo, kila mwezi huachiwa pauni 110, na kinachobaki hukatwa kwenye posho pauni kwa pauni.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme sehemu inayohesabiwa ni pauni 7,200, nayo imegawanywa kwa miezi 9. Kila mwezi ni pauni 800. Toa 110, zinabaki 690, na hizo zote zinaondoka kwenye posho. Sasa tuseme mama huyo huyo hakwenda chuo, akabaki na ufagio wake na kulipwa pauni 690 kwa mwezi. Kwa mshahara, posho hukatwa senti 55 kwa kila pauni, tena mwenye watoto huachiwa kwanza kiasi cha mwanzo kisichoguswa. Hata tukilisahau hilo fungu la mwanzo, angepunguziwa pauni 379 na nusu. Fedha ya jasho inakatwa nusu na kidogo, fedha ya deni inakatwa yote. Nimelisoma jambo hili mara nyingi nikitafuta hekima iliyomo, sijaiona.

Maana mkopo huu si zawadi. Zamani mwanafunzi wa England anayetoka katika nyumba maskini alipewa ruzuku ya kujikimu ambayo hairudishwi. Mwaka 2016 ruzuku hiyo ilifutwa kwa wanafunzi wapya na mahali pake pakawekwa mkopo mkubwa zaidi. Aliyeanza shahada ya kwanza England tangu Agosti 2023 atakatwa asilimia 9 ya kipato chake kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, mpaka deni liishe au ipite miaka 40, na riba inapanda juu yake muda wote. Mama huyu atamaliza na miaka 37. Miaka 40 ikitimia atakuwa anakaribia 80.

Tazameni basi kilichofanyika. Kabla ya chuo alikuwa akipata posho isiyorudishwa, ya kuwalisha watoto na kulipia pango. Baada ya kuingia chuo, sehemu ya posho hiyo imeondolewa na nafasi yake imejazwa na mkopo. Mezani chakula ni kile kile, ila sasa ni cha deni. Mlo wa watoto wake wa mwezi wa Novemba ataulipia akiwa bibi. Mwanafunzi mwenzake asiye na mtoto wala haja ya posho hakutani na jambo hili kabisa.

Kuna sehemu inayotugusa sisi Waislamu kwa namna ya peke yake. Mkopo wa serikali una riba, na wapo kati yetu, wengi wao wakiwa wanawake wenye msimamo, wanaokataa kuuchukua. Mtu angedhani kwamba asiyekopa hatakatwa. La. Kanuni za Universal Credit za mwaka 2013 zinamhesabu mtu kuwa ana mkopo ikiwa angeweza kuupata kwa kuchukua hatua za kawaida. Uchukue usichukue, fedha unayo machoni pa kompyuta yao, tena kwa kile kiwango cha juu ambacho ungestahili. Imani haikutajwa popote katika kanuni hiyo kuwa ni udhuru. Nimekaa na msichana aliyelia kwa hili, mwenye mtoto mchanga mapajani, akakatwa fedha kwa ajili ya fedha ambayo haijapata kuingia katika akaunti yake. Aliacha chuo.

Serikali inaujua ugumu huu. Mwaka 2014 ilikusanya maoni kuhusu mfumo mbadala wa kugharimia masomo usio na riba, wengi wakaitikia, na sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2017 ikatoa mamlaka ya kuuanzisha. Zaidi ya miaka 7 baada ya sheria hiyo wanafunzi walikuwa bado wanausubiri. Mtu aliyekuwa shule ya msingi wakati maoni yale yalipokusanywa alifika umri wa kwenda chuo bila kuuona.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake ndiye anayekwenda chuo mambo ni tofauti, na hapa nataka kuondoa hofu inayozunguka katika harusi na misiba yetu. Mkopo wa mtoto hauhesabiwi kuwa kipato cha mama. Kinachotokea ni kwamba mtoto akishaanza chuo kikuu anatoka katika hesabu ya watoto, na fedha zilizokuwa zikija kwa ajili yake, ikiwamo ile iitwayo Child Benefit, zinakoma. Kijana anayesoma akiwa bado anaishi nyumbani hajaacha kula wala kuoga maji ya moto. Matokeo yake mkopo wa kijana ndio unaoziba pengo la jikoni, na wazazi wengi wanaona haya kulisema. Kodi ya halmashauri (Council Tax) angalau ina huruma: mwanafunzi wa kutwa hahesabiwi, kwa hiyo mama anayeishi na mwanawe mwanafunzi hanyimwi punguzo la asilimia 25 la mtu mzima anayekaa peke yake. Dai punguzo hilo. Wengi hawajui kwamba ni haki yao.

Nyumbani Tanzania nako kuna malalamiko mengi kuhusu Bodi ya Mikopo, na makato ya asilimia 15 ya mshahara yanauma. Hata hivyo mwombaji anayetoka katika kaya inayosaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, anaweza kuutumia ushahidi huo kuonyesha uhitaji wake. Umaskini wa kaya unamsogeza mbele kwenye foleni ya masomo. Nchi tajiri kama Uingereza haipaswi kushindwa na wazo rahisi kama hilo.

Ninachotaka kinaelezeka kwa maneno machache. Mkopo unaorudishwa uondolewe kabisa katika hesabu ya kipato cha kaya yenye watoto. Kama hilo linaonekana kubwa, basi ukatwe kwa senti 55 kama mshahara, wala usizidi hapo. Na asiyekopa kwa sababu ya dini yake asihesabiwe amekopa.

Wabunge hawatalijua hili tusipowaambia. Wabunge wa Uingereza kwa kawaida hukutana na wakazi wa majimbo yao, na Kiingereza cha kuungaunga si sababu ya kubaki nyumbani; nenda na mwanao akutafsirie. Na wewe dada unayejiandaa kuanza chuo Septemba, omba barua ya chuo au ya mkopo inayotenganisha fungu la msaada maalumu na fungu la kujikimu, ipeleke Universal Credit kabla ya malipo ya kwanza, na kagua hesabu yao kila mwezi. Wakikosea, una mwezi mmoja kuanzia tarehe ya uamuzi kuomba waupitie upya.